Mama Vifuniko na Njano ya Zamani

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Vifuniko, na jina hilo lilimganda tangu siku alizokuwa msichana mwembamba, hana hata mtoto wa kumfanya aitwe mama. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga makopo ya rangi kwa nyundo ya mbao: unaweka kifuniko, unagonga ukingoni, unazungusha kopo, unagonga tena, mpaka kikae. Ukikosea, rangi inakurukia usoni, na wenzako wanakucheka hadi saa ya kutoka.

Siku hizo hata kiwanda chenyewe kilikuwa kiwanda kwa heshima tu. Kilikuwa banda la mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, ambaye watu walimpachika jina la Mzee Brashi kwa ajili ya masharubu yake, alikuwa amechoka kuuza rangi za watu wengine zilizomfikia zikiwa zimeganda, akaamua kupika zake. Alichemsha mafuta kwenye pipa, akamwaga unga wa rangi, akakoroga kwa mpini wa jembe. Kijana mrefu aliyemsaidia kukoroga akaitwa Mpishi. Rangi ilitiwa kwenye makopo yaliyokuwa ya mafuta ya kula, yakaoshwa kwa maji ya moto, na si mara moja mteja alinunua kopo lenye picha ya chapati nje na bluu ya bahari ndani. Hakuna aliyelalamika. Rangi ya Mzee Brashi iling'ang'ania ukuta kama kupe.

Banda likazaa banda. Likaja jengo la matofali, ikaja mashine ya kufunga vifuniko, na Mama Vifuniko akahama kutoka kwenye nyundo akasimama kwenye mkanda. Yakaja malori. Kiwanda cha pili kikafunguliwa ng'ambo ya mpaka. Mzee Brashi alipofariki, mwanawe, aliyekuwa amesoma nje na kurudi na tai shingoni, alianza kununua viwanda vidogo vya washindani katika nchi jirani, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeokota machungwa yaliyoanguka. Mwishowe kampuni kubwa kutoka mbali ikaja kununua nusu ya hisa. Makopo yakaandikwa kwa lugha tatu, wafanyakazi wakavishwa kofia ngumu, na Mama Vifuniko, ambaye sasa alikuwa na nywele nyeupe na binti aliyeolewa, akawa msimamizi wa zamu nzima ya ufungashaji.

Kitu kimoja hakikubadilika kwa muda mrefu. Makopo yaliyobonyea, au yaliyochanika lebo, hayakupelekwa dukani, yaligawiwa wafanyakazi. Na makopo hubonyea wapi kama si kwenye kufungwa? Wenye ndimi kali walisema Mama Vifuniko aliyabonyeza mwenyewe. Alicheka tu, akajitwisha kopo lake, akaenda. Alipaka nyumba yake. Akapaka ya dada yake, ya kaka yake, na jiko la mama mkwe, ambaye tangu siku hiyo aliacha kumsema. Aliipenda njano, ile nzito iliyong'aa kama kiini cha yai, na ndiyo aliyoipeleka kila alikoalikwa. Ukitaka kujua ukoo wake umesambaa mpaka wapi, ulifuata milango ya njano.

Sasa, mwaka ambao kampuni ilikuwa ikijiandaa kwa sherehe za kutimiza nusu karne, iliamriwa ghala la zamani lisafishwe ili liwe ukumbi wa maonyesho. Nyuma ya rafu, chini ya turubai, yakapatikana makopo ya miaka mingi, mengine yameota kutu. Vijana walipotaka kuyabeba, dada wa usalama kazini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiranja, akawapigia kelele.

"Jamani, msiyaguse kwa mikono mitupu! Rangi hizo zilitengenezwa kabla hatujabadilisha malighafi. Zina madini ya risasi."

Akawakusanya wote, akawaeleza. Mtu mzima anayenawa vizuri hana hofu kubwa, alisema. Hatari ni kwa watoto. Rangi ya namna ile ikizeeka inabanduka magamba, mtoto anaokota, anatia mdomoni, na ina utamu wa aina yake, kwa hiyo anarudia. "Ikiingia kwenye damu inapanda mpaka kwenye ubongo. Mtoto tumbo linamsokota, anapauka, anachelewa kusema, akienda shule anasumbuka."

"Kumbe ndiyo maana mimi hesabu zilinishinda!" akasema mmoja wa wapakiaji, na watu wakaangua kicheko.

Mama Vifuniko naye alicheka, kwa kuwa kicheko kilitangulia kutoka kabla masikio hayajamaliza kusikia. Kisha kikamkauka mdomoni. Mawazoni alikuwa amemwona Kidoti.

Kidoti ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake, aliyepewa jina hilo kwa alama nyeusi shavuni. Binti na mumewe, fundi umeme, waliishi kwenye vyumba vya uani vya nyumba ya Mama Vifuniko, na mtoto alilala katika chumba alicholala mama yake utotoni. Kila jioni Kidoti alipanda juu ya kitanda, akasimama dirishani kumngoja bibi arudi kutoka kazini. Na alipokuwa akingoja, aling'ata ubao wa dirisha. Familia nzima ilijua. Waliita alama zile za meno "saini ya Kidoti". Ubao wenyewe ulikuwa wa njano.

Siku hiyo saa zilimwendea kama mtu anayeburuta gunia. Mbele yake makopo yalipita kwenye mkanda, mapya, kila moja limeandikwa kwa lugha tatu: Haina madini ya risasi. Maneno hayo aliyapitisha chini ya macho yake miaka na miaka. Aliwahi kurekebisha lebo iliyobandikwa kombo ili yasomeke vizuri. Hata siku moja hakujiuliza: kama hili halina, yale ya zamani je?

Jioni alikuta kichwa cha Kidoti dirishani kama kawaida. Badala ya kupunga mkono, alikimbia. Kukimbia kwa mtu wa umri wake ni jambo la kuangaliwa, na majirani waliangalia. Aliingia chumbani, akamshusha mtoto, akampangusa midomo kwa khanga. Kwenye kidole kulikuwa na kigamba cha njano, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Bi," alisema Kidoti. Alikuwa amekwishatimiza miaka mitatu, na maneno yake yote yangetosha kwenye kiganja. Watu walikuwa wakisema atasema tu, mbona mama yake naye alichelewa? Sasa Mama Vifuniko alilikumbuka hilo la binti yake kuchelewa. Binti yake naye alikulia kwenye dirisha lile lile.

Binti na mkwe hakuwaeleza kitu. Aliwaambia tu mtoto alale kwake, anamtamani, na wakakubali bila swali. Alikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza kwanza.

Mpishi, yule kijana mrefu wa mpini wa jembe, alikuwa mzee mstaafu aliyefuga kuku karibu na reli. Mama Vifuniko alipata nafasi ya kumwendea keshokutwa yake, akamkuta akirekebisha wavu wa banda.

"Kaka, njano yetu ile. Ulikuwa unatia nini?"

Mpishi alimgeukia. "Umesikia nini huko?"

"Usiniulize nilichosikia. Niambie ulichotia."

"Nilitia kilicholetwa. Magunia yalikuja yameandikwa lugha ya watu. Njano na nyekundu ndizo zilikuwa nzito kuliko zote, gunia dogo lakini unalibeba kama jiwe. Ndiyo, ilikuwa risasi. Nilikuja kujua baadaye sana, walipotupima damu baada ya wale wakubwa kununua hisa." Alishusha koleo. "Mimi wakanihamishia stoo. Wakasema nipumzike."

"Na hukuniambia."

"Waliniambia ni mambo ya sisi tuliokuwa kwenye mapipa. Wewe ulikuwa wa vifuniko." Kisha akauliza polepole, "Kwani nani anaumwa?"

Alipomweleza, Mpishi hakusema pole. Aliangalia nyumba yake mwenyewe, ambayo milango yake ilikuwa myekundu, na watoto wa jirani waliokuwa wameketi kizingitini wakila miwa. Akawaita watoke pale. Walishangaa; alikuwa hajawahi kuwafukuza.

Njiani kurudi, Mama Vifuniko alijaribu kupanga maneno, kila aliloliokota likamponyoka. Mwishowe alimkuta binti yake akianua nguo, akasema tu kama lilivyokuja.

"Mwanangu, nataka tumpeleke Kidoti hospitali. Inawezekana ana risasi mwilini."

Nguo zikaanguka. "Risasi! Nani kampiga?"

"Hapana, hapana, si risasi ya bunduki..."

"Yuko wapi? Mama, mtoto yuko wapi?"

Ilibidi amshike mabega. Baadaye, muda mrefu baadaye, familia ingelifanya hilo kuwa hadithi ya kuchekesha. Siku ile hakuna aliyecheka. Binti alisikiliza akiwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, na maelezo yalipokwisha aliuliza swali moja.

"Ulijua?"

"Nimejua juzi."

"Juzi! Na jana ulikaa kimya?"

Alikuwa amekaa kimya, kweli, kwa kuwa maadamu hajalisema lilikuwa bado halijaingia nyumbani.

Kutoka chumbani kukasikika sauti ya kukwaruza. Mkwe, aliyekuwa amesikia yote kupitia dirishani, alikuwa ameshachukua msasa wake. Ni kijana wa vitendo. Ukimwambia kuna nyoka, unamkuta tayari na fimbo. Mama Vifuniko alisimama mlangoni akaona vumbi la njano likicheza kwenye mwanga wa jua, likitua kwenye shuka, kwenye mto, kwenye mdoli wa mtoto.

"Acha!" alipiga ukelele ambao hakujua anao. "Weka chini hiyo! Unaisambaza!"

Mkwe aliganda, msasa hewani. Nyusi zake zilikuwa njano. "Sasa nifanye nini, mama? Nikae niitazame?"

"Toka taratibu. Nguo uziache hapo hapo. Usimshike mtoto mpaka uoge."

Hakuwa na uhakika na hata neno moja kati ya hayo. Alisema kama mtu anayezima moto kwa chochote kilicho karibu. Kesho yake alimfuata dada wa usalama ofisini, akafunga mlango, akamwambia kila kitu. Yule dada, ambaye watu walimwogopa kwa kelele zake, alimsikiliza bila kelele. Alimwambia amefanya vizuri kuuzuia msasa. Vumbi ndilo baya kuliko yote. Chumba kifungwe, kifutwe kwa matambara ya maji na sabuni, kisifagiliwe kikavu, na mtoto apimwe damu. Kisha akatamka jambo ambalo Mama Vifuniko alilibeba kifuani kwa muda mrefu: "Nilipokuwa nawaeleza, nilidhani nawaeleza habari za ghala, kumbe ni za nyumba zenu."

Damu ilitolewa. Kidoti alilia kidogo, akasahau alipopewa biskuti. Majibu yalipaswa kutoka maabara ya mbali, na kungoja kukaanza.

Kungoja kule kulimharibu. Kila kitu alichokiona kwa mtoto kilikuwa dalili. Akilala mapema, mbona amelala mapema? Akikataa chakula, tumbo. Akianguka akikimbia, ubongo. Alimwita kwa sauti ndogo kutoka nyuma kujaribu masikio yake, na mtoto asipogeuka alimzunguka amtazame usoni, na akigeuka alimwita tena kuhakikisha. Binti yake alizungumza naye kwa maneno ya lazima tu: chumvi iko wapi, maji yamechemka. Mama na binti waliokuwa wakisengenya mtaa mzima jikoni sasa walipishana kama wapangaji.

Katikati ya kungoja huko, ofisi ya matangazo ikamwita. Walikuwa wanatengeneza filamu ya historia ya kampuni, na hakuna mfanyakazi aliyekuwepo tangu enzi za banda isipokuwa yeye. Walimkalisha mbele ya ukuta wa makopo yanayong'aa. Kijana wa kamera alikuwa mwema, akamrekebishia kitambaa cha kichwa.

"Haya mama, jisikie uko nyumbani. Tueleze tulikotoka."

Akaeleza. Mpini wa jembe, makopo ya mafuta, masharubu. Alieleza vizuri, kijana akawa anacheka nyuma ya kamera, na hata yeye kwa dakika chache alisahau. Kweli aliipenda kazi ile. Alikuwa ameiona ikitambaa, ikasimama, ikavuka mipaka, kama mtoto wa nyumbani.

"Na kumbukumbu gani inakupa furaha zaidi?"

"Makopo ya njano," alijibu kabla hajajizuia. "Nilipaka nyumba za ndugu zangu wote." Kisha akainamisha uso, na kijana akadhani anaficha machozi ya furaha, akasogeza kamera karibu. "Mwanangu," alimuuliza, "wale waliopaka njano ile, kampuni itawaambia?"

"Itawaambia nini, mama?"

Alimweleza. Kijana alizima kamera. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyekabidhiwa mzigo asiojua pa kuuweka. "Hili si la kwangu," alisema. "Wala si la filamu, mama. Lakini nitalifikisha."

Alirudi kwenye mkanda akijilaumu. Bado kidogo astaafu, na amekwenda kufungua mdomo mbele ya kamera. Wiki ile alitarajia kuitwa na wakubwa kila mlango ulipofunguliwa. Hakuitwa. Hilo nalo likamtia hofu.

Majibu yakaja. Walikwenda wote wanne, Kidoti mgongoni kwa baba yake. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyeonekana kuchoka, akasoma karatasi kwanza kimya.

"Ipo," alisema. "Imezidi. Haijafika pa kumlaza wala pa kumpa dawa ya kuiondoa. La muhimu ni isiingie tena. Mpeni maziwa, maharage, mboga za majani, nyama mkiweza. Mikono aoshwe kila mara. Baada ya miezi mitatu tutapima tena."

"Na kusema?" aliuliza binti. "Amechelewa kwa sababu ya hii?"

"Inawezekana. Inawezekana pia angechelewa tu. Siwezi kukudanganya, hakuna kipimo kinachoniambia hilo."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, binti yake alikaa karibu naye kwa mara ya kwanza tangu siku ya nguo. Hakusema amemsamehe. Alisema, "Na kwa mama mdogo je? Wale wajukuu wake mapacha?"

"Najua," alisema Mama Vifuniko. "Nimeshawafikiria wote."

Ndivyo alivyoanza kuzunguka. Kila alipopata nafasi alibisha hodi kwenye mlango aliopaka mwenyewe. Dada yake alimcheka: "Sisi tumekula vumbi hilo miaka yote, mbona tuko wazima?" Kisha akawatazama mapacha wakicheza chini ya meza, akaacha kucheka, akauliza hospitali inafungua saa ngapi. Wifi yake hakucheka. Alisimama kizingitini, akasema zawadi za Mama Vifuniko sasa basi, hata mkate asimletee. Maneno hayo yalimchoma, lakini aliona afadhali kuchomwa, akabaki pale pale akamweleza habari za matambara ya maji mpaka wifi akasikiliza. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Jiko lake sasa lilikuwa la wapangaji, watu wageni kwake. Aliwaambia nao. Walimwona mwendawazimu, baadaye mwanamume wa nyumba ile akamfuata njiani kumwomba arudie maelezo.

Jumamosi moja dada wa usalama alikuja nyumbani kwa Mama Vifuniko na mafundi wawili, wamevaa barakoa. Ubao wa dirisha waliung'oa ukiwa umeloweshwa, wakaufunga kwenye plastiki. Kuta walizipaka rangi mpya ya kuzifunika. Aliwauliza kazi hiyo imeidhinishwa na nani. Yule dada alisema baadhi ya maswali huchelewesha kazi. Miezi kadhaa baadaye tangazo dogo likabandikwa kwenye maduka yote ya kampuni, kwa lugha tatu, likiwaonya wenye nyumba za zamani wasikwaruze rangi ikiwa kavu na wawapime watoto wao. Mama Vifuniko hakujua kama lilitokana na kijana wa kamera, au dada wa usalama, au wakubwa wenyewe kwa sababu zao. Filamu ya sherehe ilipoonyeshwa, alijiona akieleza masharubu ya Mzee Brashi, ukumbi ukicheka. Njano haikuwemo.

Kipimo cha pili kilionyesha imeshuka. Cha tatu, imeshuka tena. Kidoti akaanza kuunganisha maneno, kwanza mawili mawili, kisha akawa hanyamazi, akauliza kwa nini jua halina miguu. Wote walifurahi. Bibi yake alifurahi na kuhesabu makosa. Mtoto akisema "kitaba" badala ya "kitabu", wengine walisema ni utoto. Yeye usingizi ulikatika.

Alistaafu mwaka uliofuata, na kazi yake ikawa kumpeleka mtoto shule ya chekechea. Asubuhi ya kwanza walifika mapema. Ilikuwa nyumba nzuri yenye uwanja, na ukuta wa mbele ulikuwa na maua yaliyochorwa, mekundu na ya manjano, rangi ikiwa imeanza kupasuka chini karibu na kimo cha mtoto.

Mwalimu alikuja na tabasamu, akainama kumpokea Kidoti.

"Mwalimu, samahani," alisema Mama Vifuniko. "Ukuta huu ulipakwa lini?"

"Mh! Mimi nimeukuta hivi hivi. Mzuri, eti?"

"Anayejua ni nani?"

"Labda mwalimu mkuu. Lakini anakuja baadaye kidogo. Mtoto aingie tu, bibi, wenzake wanaimba."

Kutoka ndani zilisikika sauti za watoto wakipiga makofi. Kidoti alivuta mkono wake, akitaka kwenda. Mama Vifuniko aliuangalia ukuta, akamwangalia mtoto, akamwangalia mwalimu aliyeanza kupoteza tabasamu. Hakuuachia mkono.

"Tutamsubiri mwalimu mkuu," alisema, akatafuta benchi lililo mbali na ukuta, akampakata mjukuu wake.